Mzee Bill Miner, Mnyang'anyi wa Magari ya Moshi

Aghalabu katika kurasa hizi tunasoma habari za watu waliojenga dunia: wavumbuzi, waganga, wasafiri na viongozi. Leo naomba ruhusa kwenu, wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu, niandike habari za mtu aliyefanya kinyume chao. Mtu huyu ni Bill Miner, mnyang'anyi wa Marekani na Kanada, aliyefariki mwaka 1913. Jina lake halikufa pamoja naye. Vitabu vimeandikwa juu yake, na mwaka 1982 watu wa Kanada walitoa filamu iliyoonyesha maisha yake ya uzeeni.

Sababu ya kumchagua ni hii. Wengi wanaomtaja humtaja kwa kicheko na kwa sifa. Husema kwamba alikuwa mwungwana miongoni mwa wezi. Kwamba maneno yake yalikuwa laini hata bastola ilipokuwa mkononi. Kwamba hakupata kumwua mtu. Kwamba mali aliyochukua ilikuwa ya makampuni makubwa yasiyopungukiwa na kitu. Na kwamba aliendelea na kazi yake mpaka nywele zikawa nyeupe, jambo ambalo vijana wachache wangaliliweza. Mimi nimeyafuata maisha yake toka mwanzo hadi mwisho, nikaona kuwa sifa hizo zina upande wa pili ambao hausemwi. Nitaeleza pande zote mbili, kisha msomaji ataamua mwenyewe.

Alizaliwa katika jimbo la Michigan, Marekani, karibu na mwaka 1847. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Ezra Allen Miner, lakini yeye mwenyewe alipenda kuitwa William, na watu wakalifupisha kuwa Bill. Angali mtoto, mama yake alihamia California pamoja na watoto wake, wakakaa katika mji mdogo wa Yankee Jims. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa California mwaka 1848, na watu wa kila namna walikuwa wamekimbilia huko. Wengine walipata mali kwa jembe na sululu, wengine walipata kwa biashara, na wengine walikaa kandokando ya barabara wakiwangojea hao waliokwisha kupata.

Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Bill aliingia katika jeshi la wapanda farasi la California. Hakuvumilia. Baada ya miezi michache alitoroka. Mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, alishikwa kwa wizi na unyang'anyi, akapelekwa katika gereza la San Quentin, kando ya ghuba ya San Francisco. Napenda msomaji aliweke moyoni jambo moja: mtu aliyenyang'anywa mara hiyo hakuwa kampuni kubwa wala tajiri. Alikuwa mfanyakazi wa shamba aliyekuwa njiani na fedha zake mfukoni. Basi ile sifa kwamba Miner aliwaibia matajiri tu ilikwisha kuvunjika kabla haijaanza.

Akatoka gerezani mwaka 1870. Mwezi Januari 1871, hata mwaka haujatimia, aliteka gari la farasi la abiria na posta karibu na San Andreas, pamoja na watu wawili. Siku hizo magari ya namna hiyo ndiyo yaliyochukua dhahabu kutoka machimboni mpaka mijini, katika kasha la kampuni lililowekwa chini ya miguu ya dereva. Mnyang'anyi hakuhitaji elimu kubwa. Alichagua mahali pa mlima ambapo farasi huenda polepole, akajitokeza na bunduki, akaamuru kasha litupwe chini. Baada ya wizi huo Miner na mwenzake mmoja walimkimbia yule wa tatu na fungu lake la mali. Yule wa tatu aliposhikwa akasema yote aliyoyajua mbele ya mahakama. Huo ndio uaminifu wa wezi: humalizika pale mali inapoanza kugawanywa. Miner akarudishwa San Quentin, akakaa huko mpaka mwaka 1880.

Alipotoka mara ya pili alikwenda Colorado, akaungana na mnyang'anyi kijana aliyeitwa Billy LeRoy. Wakateka magari pamoja kwa muda, kisha Miner akaenda zake Michigan na mfuko wa fedha. Huko alijifanya mtu tajiri mwenye machimbo ya dhahabu California. Alivaa nguo nzuri, akasema maneno ya adabu, akapokewa katika nyumba za watu wa heshima. LeRoy yeye alibaki Colorado. Mwaka 1881 alishikwa, na kabla ya kuhukumiwa wananchi wenye hasira walimtoa gerezani wakamnyonga pamoja na ndugu yake. Fedha zilipomwishia Miner, alirudi California, na mwezi Novemba 1881 akateka gari la farasi la Sonora pamoja na watu wengine. Mahakama ikampa miaka 25.

Kifungo hicho ndicho kilichokula umri wake. San Quentin haikuwa mahali pa kupumzika. Wafungwa walifyatua matofali, na baadaye kikafunguliwa kiwanda kikubwa cha kufuma magunia ya juti, penye vumbi na kelele kutwa. Mwaka 1892 Miner na mfungwa mwingine walivunja mlango wa chumba chao wakajaribu kutoroka usiku. Walinzi walikuwa wakiwangojea. Mwenzake alipigwa risasi akafa pale pale, na Miner akajeruhiwa usoni. Alipona, akarudi kazini, akahesabu miaka. Kwa kuwa sheria iliwapunguzia siku wafungwa waliofanya kazi vyema, aliachiliwa mwezi Juni 1901.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka 54 hivi. Dunia aliyoijua ilikuwa imetoweka. Alipoingia gerezani, dhahabu ilichukuliwa na farasi. Alipotoka, ilichukuliwa na gari la moshi. Simu za waya zilikuwa zimeenea kila mahali, na habari ya wizi ilifika mji wa pili kabla mwizi hajapanda farasi wake. Alikwenda kwa dada yake katika jimbo la Washington, kaskazini kabisa mwa pwani ya Marekani, akapata kazi halali ya kuokota chaza baharini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na malipo yake yalikuwa madogo, lakini ilikuwa kazi; na kulikuwa na nyumba ya jamaa, chakula na usingizi usio na hofu. Katika maisha yake yote hapana wakati mlango wa kurudi ulipokuwa wazi kama wakati ule.

Hakuupita. Kwa nini? Wengine husema gereza lilimharibu, na neno hilo lina kweli ndani yake, maana kijana wa miaka 19 aliyewekwa pamoja na wezi wakubwa hujifunza mengi yasiyofaa. Lakini mimi naona pia kwamba alikuwa na kiburi cha fundi. Alijiona bingwa wa kazi moja, na chaza hawakumpa sifa. Kazi ya zamani ilipokwisha, yeye hakuiacha. Alijifunza namna mpya ya kuifanya.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Wanyang'anyi hupanda gari la moshi kwa siri wakati linaposimama kutia maji au kubadili njia, wakajibanza nyuma ya behewa la makaa. Likiisha kuondoka hutambaa juu ya makaa mpaka kwa dereva na mtia makaa, wakawaelekezea bastola. Dereva huamriwa kusimama mahali pa giza. Kisha behewa linalochukua dhahabu na amana hutenganishwa na mabehewa ya abiria, na mtambo hulivuta mbele maili moja au mbili, ili abiria wasiweze kutoa msaada. Hapo kasha la chuma hufunguliwa kwa hiari ya karani, au kwa baruti.

Mwezi Septemba 1903 Miner alijaribu jambo hilo katika jimbo la Oregon, karibu na mto Columbia. Alikuwa na mtu mzima mmoja, jina lake Harshman, na kijana aliyeitwa Hoehn. Mlinzi wa behewa hakutishika. Alipiga bunduki, na Harshman akaanguka na jeraha la kichwa. Hawakupata hata senti. Miner na yule kijana walikimbia wakamwacha mwenzao chini. Baadaye Harshman na Hoehn walishikwa wakafungwa. Miner alivuka mpaka akaingia Kanada.

Basi akakaa karibu na mji mdogo wa Princeton, katika jimbo la British Columbia, akijiita George Edwards. Watu wa pale walimwona mzee mpole mwenye masharubu meupe, mpanda farasi hodari, mcheshi kwa watoto na mwenye mkono wazi kwa jirani. Alisema kuwa ni mfugaji na mtafuta madini. Walimkaribisha mezani, wakamwamini, wakampenda. Sisi wenyewe tumefundishwa kumpisha njia mwenye mvi, kumpa kiti na kumwamkia kwanza. Watu wa Princeton nao hawakufanya tofauti na hivyo. Hawakuwa wajinga. Walimpa heshima ambayo kila mzee hupewa, na yeye akaitumia heshima hiyo kujifichia. Kitambaa alichojifunga usoni usiku wa wizi kilimsitiri kwa saa moja. Mvi zake zilimsitiri kwa miaka.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 1904, wenye ukungu mwingi, watu watatu walipanda kwa siri gari la moshi la kampuni ya Canadian Pacific katika kituo cha Mission, mashariki ya Vancouver. Mkubwa wao alikuwa Miner. Dereva aliamriwa kusimama, mabehewa yakatenganishwa, na kasha likafunguliwa. Walipata dhahabu ya unga yenye thamani ya dola 6,000 hivi na fedha taslimu dola 1,000 hivi, pamoja na hati za thamani. Hakuna aliyepigwa. Yasemekana kuwa mkubwa wa wanyang'anyi alimuaga dereva kwa adabu. Jambo hilo lilikuwa geni kwa watu wa Kanada, nao wakalizungumza muda mrefu. Na kwa kuwa wakulima na wafanya biashara wengi walikuwa na uchungu juu ya nauli na nguvu za kampuni ile ya reli, walikuwapo waliocheka kwa furaha. Walisema kuwa kampuni iliwanyang'anya wao kila siku, na sasa imenyang'anywa mara moja tu.

Malalamiko yao juu ya nauli yawezekana yalikuwa ya haki. Lakini mimi nauliza, ni nani aliyepunguziwa nauli kwa sababu ya dhahabu aliyoichukua Miner? Na dereva yule, aliyesimama na mdomo wa bastola ubavuni, alikuwa mwenye kampuni? Alikuwa mfanyakazi wa mshahara kama baba zetu. Mtu aliyeelekezewa bastola hajui kwamba mnyang'anyi wake ni mwungwana. Hujua kwamba kidole kimoja kikiteleza, watoto wake watalala yatima.

Mwezi Mei 1906 fedha zilikuwa zimekwisha, na Miner akaondoka tena. Alikuwa na umri wa karibu miaka 59. Safari hii alifuatana na watu wawili. Wa kwanza aliitwa Shorty Dunn. Wa pili aliitwa Louis Colquhoun, naye nataka tumtazame vizuri, kwa maana habari zake zinatuhusu sisi tulio shuleni. Colquhoun alikuwa mwalimu wa shule wa zamani kutoka jimbo la Ontario. Afya yake ilikuwa mbaya, kifua chake kilikuwa dhaifu, na alikuwa amekwisha kufungwa mara moja kwa wizi mdogo. Kijana wa namna hiyo, mwenye elimu lakini aliyekwisha kukata tamaa, alihitaji mzee wa kumshika mkono. Akampata Bill Miner.

Usiku wa tarehe 8 Mei walisimamisha gari la moshi karibu na kituo kilichoitwa Ducks, mashariki ya mji wa Kamloops. Kila kitu kilikwenda kama walivyopanga, isipokuwa jambo moja. Katika giza lile walitenganisha behewa lisilo lenyewe. Behewa la amana walilolitaka liliachwa nyuma pamoja na abiria, na wao wakaenda mbele na behewa la barua. Walipekua mifuko wakapata dola 15 na senti 50, na vidonge vya ugonjwa wa ini. Gawanya kwa watu watatu: ni dola 5 na senti 16 kwa kila mtu, na vidonge juu yake.

Serikali na kampuni zikatangaza zawadi kubwa kwa atakayewashika. Wafuasi wa nyayo na polisi wa jimbo waliwatafuta milimani, na kikosi cha Polisi Wapanda Farasi wa Kaskazini Magharibi kikaitwa kusaidia. Farasi wa wanyang'anyi walikuwa wamepotea, kwa hiyo walikuwa wakienda kwa miguu. Tarehe 14 Mei kikosi hicho kiliwakuta karibu na ziwa Douglas, wamekaa wanakula. Miner alijibu maswali kwa utulivu, akasema wao ni watafuta dhahabu. Mkuu wa kikosi hakuridhika. Mara Dunn akaruka, akakimbia huku akipiga bastola, naye akapigwa risasi ya mguu. Mambo yakaisha hapo. Mzee aliendelea kusema kuwa yeye ni George Edwards, lakini alama za mwilini mwake, pamoja na picha iliyochanjwa kwa wino mkononi, zililingana na kumbukumbu za San Quentin. Mwili wake ulimtolea ushahidi.

Kesi ilisikizwa Kamloops. Wazee wa baraza la kwanza hawakuafikiana, ikabidi baraza la pili lichaguliwe. Tarehe 1 Juni 1906 hukumu ikatolewa. Miner alifungwa maisha. Dunn alifungwa maisha. Colquhoun alipewa miaka 25. Hayo yote kwa dola 15 na senti 50. Walipopelekwa katika gereza la New Westminster, watu wengi walijipanga kuwatazama, na wengi walimtazama mzee tu. Walimpungia mikono kama kwamba ni shujaa arudiye vitani.

Mwezi Agosti 1907 Miner na wafungwa wengine watatu walichimba tundu chini ya ua wa gereza wakatoka. Wale watatu walirudishwa. Yeye hakuonekana tena Kanada. Minong'ono ikaenea kwamba aliachwa makusudi kwa sababu ya zile hati za thamani zilizopotea mwaka 1904, na mwaka 1909 maswali yaliulizwa hata katika Bunge la Kanada. Colquhoun hakutoroka. Kifua kikuu kilimwandama, naye akafa gerezani mwaka 1911. Dunn alitoka kwa msamaha mwaka 1915, akaenda kutafuta madini kaskazini ya nchi, akaishi bila ya kurudia wizi mpaka alipokufa maji mwaka 1927. Nataja mwisho wa Dunn kwa sababu unavunja udhuru wa Miner. Dunn naye alikuwa mwizi, naye alikaa gerezani karibu miaka 9. Lakini alipotoka, alitoka kweli.

Je, Miner aliacha? La. Mwezi Februari 1911 gari la moshi la kampuni ya Southern lilisimamishwa na wanyang'anyi karibu na White Sulphur Springs, katika jimbo la Georgia, kusini ya Marekani. Mkubwa wao alikuwa mzee wa miaka 64 hivi. Watu wa jimbo walishangaa, kwani wizi wa namna hiyo hawakuuzoea. Haikupita wiki moja, wote watatu walikuwa wamekwisha kushikwa katika milima ya huko. Mpelelezi wa shirika la Pinkerton akamtambua mzee kuwa ndiye Bill Miner anayetafutwa na Kanada. Mahakama ikampa miaka 20, na kila aliyekuwapo alijua kwamba mzee huyo hataimaliza.

Kwanza aliwekwa katika kambi ya wafungwa wa kazi ngumu. Kisha, kwa ajili ya umri wake, akahamishiwa shamba la wafungwa la Milledgeville, penye kazi nyepesi. Hata huko alitoroka mwezi Oktoba 1911. Wenye kuwafuata walipowakuta, mwenzake mmoja alipigwa risasi akafa. Mwezi Juni 1912 akatoroka tena, akapotea kwa siku kadhaa katika vinamasi, akanywa maji machafu, akarudishwa akiwa mgonjwa wa tumbo. Hakupata nguvu tena. Tarehe 2 Septemba 1913 alifariki katika shamba lile la wafungwa, akazikwa Milledgeville, mbali na Michigan alikozaliwa na mbali na California alikokulia.

Sasa tufanye hesabu, kama tufanyavyo darasani. Kutoka 1866 hadi 1870 ni miaka 4 gerezani. Kutoka 1871 hadi 1880 ni miaka 9. Kutoka 1881 hadi 1901 ni miaka 19 na nusu. Kutoka 1906 hadi 1907 ni mwaka 1 na zaidi kidogo. Kutoka 1911 hadi 1913 ni miaka 2 na nusu. Jumla ni miaka 36 hivi. Toka alipofungwa mara ya kwanza mpaka alipokufa ni miaka 47. Kwa hiyo, tangu awe kijana, alikaa nje kwa miaka 11 tu, na katika hiyo 11, sehemu kubwa aliishi kwa jina lisilo lake, akigeuka nyuma kila aliposikia kwato za farasi. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Miner alizihesabu arobaini zake mara tano, na kila mara alianza upya kana kwamba hesabu ya kwanza haikuwapo.

Lakini naona hesabu hiyo si kamili, maana ina jina la mtu mmoja tu. Wako wengine waliolipa. Yuko yule mfungwa aliyeuawa mlangoni mwaka 1892, na yule wa Georgia mwaka 1911. Yuko Harshman, aliyeachwa barabarani na damu kichwani. Yuko Hoehn, kijana aliyemfuata mzee akafika gerezani. Yuko Colquhoun, mwalimu aliyepaswa kuwa mbele ya ubao na chaki mkononi, akafa katika chumba cha gereza bila ya kufaidi zaidi ya dola 5. Ni kweli kwamba Bill Miner hajulikani kuwa aliua mtu kwa mkono wake. Lakini waliomfuata wengi wao walipotea, na yeye kila mara alipata mwingine wa kumfuata, kwa sababu uso wake ulikuwa mwema na maneno yake yalikuwa matamu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu. Adabu ni kitu kizuri, na sisi tunafundishwa adabu kila siku. Lakini adabu ya ulimi bila uaminifu wa mkono haimfai jirani kitu, na katika mtu mwovu humzidishia nguvu ya kudhuru, kwa kuwa humfungulia milango ambayo mkorofi hufungiwa. Jambazi mwenye matusi humkimbia kila mtu. Mzee mpole mwenye mvi, watoto humkimbilia.

Kuna neno pia kwa wazazi na walimu wetu, ninalolisema kwa heshima. Kijana akikosa njia, hutafuta mtu mzima wa kumwongoza, naye humpata. Kama hakumpata nyumbani wala shuleni, atampata njiani. Colquhoun alimpata njiani. Na kwetu sisi wanafunzi, nasema kwamba si kila mvi ni hekima. Tumheshimu kila mzee, tumwamkie na kumpisha. Lakini anapotwambia tumfuate, tutazame kwanza nyayo zake zimetoka wapi, na wale waliomfuata jana wako wapi leo.

Atakayeona filamu ya maisha ya Bill Miner, au kusikia akisifiwa kuwa mwungwana wa wezi, namwomba achukue kalamu na karatasi. Upande mmoja aandike adabu zake zote. Upande wa pili aandike ile miaka 36, na majina ya wale waliomwamini. Kisha ajumlishe mwenyewe.